Mtu akishatiwa ndani, kesi inapita wapi mpaka isikilizwe? Wajuzi njooni

#1 Mtoto wa Kangagani

Assalaam alaykum wanabarza.

Mpwa wangu kakamatwa huku kwetu Pemba Kaskazini, usiku, na gunia mbili za karafuu mbichi juu ya honda. Mwenye shamba anasema zake, zimechumwa kwa wizi. Kijana anasema kazinunua kwa mwenziwe. Katiwa ndani Jumatano, kafikishwa mahakamani Jumatatu, kasomewa shitaka, kakana, kapata dhamana. Tabu imeanza hapo. Kila tarehe ikifika kesi "inatajwa", mwendesha mashtaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anaandika, tarehe nyengine. Karafuu wanazo. Honda wanayo. Mwenye shamba yupo, kila siku namuona barazani kwake. Upelelezi upi uliobaki?

Dai langu ni hili, anayebisha abishe: kesi zetu hazifii polisi wala kwa hakimu. Zinalala mezani kwa DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka.

#2 Fundi Vespa

Wanasubiri zikauke wajue zitabaki kilo ngapi.

#3 Binti wa Vuga

Waalaykum salaam. Kazi za mahakama nimezifanya muda mrefu, kwa hivyo niruhusuni nianze mwanzo.

Mtu akikamatwa, malalamiko yanaandikwa kituoni yanapata namba ya RB, yaani ya kitabu cha ripoti, linafunguliwa jalada. Jalada ni la polisi. Mpelelezi anachukua maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi, na ya mtuhumiwa mwenyewe, yale yanayoitwa maelezo ya onyo. Akiona panatosha, jalada linakwenda kwa DPP. Wanasheria wa kule wanalisoma: kosa lipo? Kosa gani? Ushahidi unabeba? Likiwa na pengo linarudi polisi na maelekezo, mkamuhoji fulani, mkalete ripoti fulani. Likiwa sawa inaandikwa hati ya mashtaka.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiambiwa "ipo kwa DPP", mara nyingi ilishatoka kwa DPP zamani. Ipo kwa mpelelezi, na mpelelezi kahamishiwa Unguja.

Jengine: Jumatano mpaka Jumatatu hukuona kitu? Mtu ni saa 24 afikishwe mahakamani, au apewe dhamana ya polisi. Alkhamis na Ijumaa ni siku za kazi.

#4 Mtoto wa Kangagani

Shukran dada. Tulipouliza tuliambiwa kosa la karafuu ni zito.

#5 Mlandege Mjini

Uzito wa kosa unaweza kuwanyima dhamana ya polisi, haufuti wajibu wa kumfikisha mbele ya hakimu kwa haraka. Halafu "kosa la karafuu" ni lipi? Kuna wizi, ambao umo kwenye Sheria ya Adhabu namba 6 ya 2018. Na kuna magendo, ambayo yana sheria yake ya karafuu ya 2014. Mpwa wako kasomewa lipi? Usije ukatuambia hujui.

#6 Mtoto wa Kangagani

Wizi. Karatasi ninayo.

#7 Mlandege Mjini

Hapo umenifurahisha. Watu wanakuja humu kulia na hati ya mashtaka hawajawahi kuisoma.

#8 Mzee wa Mkunazini

Nyinyi vijana mnazunguka tu. Enzi zetu askari ndiye anayekamata na askari ndiye anayesimama kortini kuendesha. Unakamatwa asubuhi na kuku wa mtu, alasiri umeshahukumiwa, jioni uko jela ya Kiinua Miguu unapanga safu ya chakula. Hizi ofisi tatu nne ndizo zilizoleta danadana.

#9 Binti wa Vuga

@Mzee wa Mkunazini heshima yako babu, lakini hiyo ndiyo sababu ikaondoshwa. Aliyekukamata, aliyekuhoji na aliyekushtaki wakiwa jengo moja na bosi mmoja, nani atasema jamani ushahidi huu mbovu? Ofisi ya DPP Zanzibar imezaliwa na marekebisho ya Katiba ya 2002, kifungu cha 56A. Kabla yake mashtaka yalikuwa kwa Mwanasheria Mkuu, na kwenye mahakama za chini waliokuwa wakisimama ni polisi.

#10 Mzee wa Mkunazini

Kuku wenyewe alikuwa kweli kaibiwa.

#11 Kijana wa Ubungo

Habari wakuu. Mimi nipo Dar lakini nimeoa Zanzibar kwa hiyo nachangia. Sheria iko wazi, kesi haiwezi kuahirishwa kwa sababu ya upelelezi zaidi ya siku 60 bila hati maalumu kutoka juu. Kifungu cha 225. Mwambie wakili wake aombe mshtakiwa aachiwe, habari imeisha.

#12 Mlandege Mjini

@Kijana wa Ubungo karibu shemeji. Hicho ni kifungu cha Sura ya 20, sheria ya bara. Haivuki bahari. Huku mwenendo wa jinai unaendeshwa kwa Sheria namba 7 ya 2018 ya Baraza la Wawakilishi. Wakili akisimama mbele ya hakimu wa Wete na kifungu cha 225 cha Dodoma atachekwa mpaka na karani.

#13 Fundi Vespa

Shemeji katuletea sheria imepakiwa kwenye boti, imefika imelowa.

#14 Kijana wa Ubungo

Hahaha haya. Lakini polisi wenu si ndio polisi wetu? Iweje askari awe mmoja na sheria ziwe mbili?

#15 Kisima cha Makunduchi

Hapo shemeji kauliza la maana kuliko sote, na hapo ndipo kesi zinapofia kwa mtazamo wangu. Tazameni safari yenyewe. Polisi ni jambo la Muungano, Kamishna wa Zanzibar yuko chini ya IGP, mkuu wa polisi wa Tanzania nzima. DPP ni wa Zanzibar. Hakimu ni wa Zanzibar. Rumande ni Chuo cha Mafunzo, ndiyo magereza yetu, idara maalum ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Ukikata rufaa ukafika mwisho, Mahakama ya Rufani, umerudi kwenye Muungano. Sasa DPP akimuandikia mpelelezi "kamilisha hili", na mpelelezi asikamilishe, DPP atamfanya nini? Hamuajiri, hamhamishi, hampandishi cheo. Atamuandikia tena.

#16 Binti wa Vuga

Hilo linasemwa sana, na lina ukweli wake, ila lisibebeshwe kila kitu. Bara polisi na DPP wako serikali moja, na mahabusu wanakaa miaka. Ingekuwa ni Muungano tu, jela ya Ukonga ingekuwa tupu.

#17 Kisima cha Makunduchi

Sikusema ni pekee. Nimesema ndipo pananuka zaidi.

#18 Mama Nasra wa Chake

Nyote mnazungumza ofisi, mnasahau nyumba. Mie ni msaidizi wa sheria wa kujitolea huku Pemba, na ninazozijua mie zinafia sebuleni. Jina lake muhali, yaani kuoneana haya. Mlalamikaji na mshtakiwa ni mtu na mjomba wake, au majirani wa ukuta mmoja. Siku ya kwanza mama mtu anakwenda polisi analia, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mtoto anapelekwa kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kila kitu kinakwenda. Halafu wazee wanakaa. Harusi inakuja, wote wanakula sahani moja. Samansi inapelekwa kwa shahidi, shahidi "kasafiri". Anaonekana sokoni.

DPP atafanya nini hapo? Hakimu anasubiri shahidi, shahidi anasubiri watu wasahau.

#19 Mlandege Mjini

Na kesi za udhalilishaji wa kijinsia hazina hata mlango wa sulhu kisheria. Ndiyo maana 2021 ikaanzishwa mahakama maalum ya kesi hizo, na dhamana ikabanwa. Lakini mahakama maalum bila shahidi ni jengo tu.

#20 Mama Nasra wa Chake

Naam. Na nisimlaumu shahidi peke yake. Mtu wa Micheweni aitwe Chake asubuhi, nauli yake mwenyewe, afike aambiwe hakimu yuko kwenye mkutano, njoo tarehe fulani. Mara ya tatu na mie ningesafiri.

#21 Msaidizi wa Sheha

Wanabarza salaam. Nachangia upande wetu maana watu hawautaji. Hakimu akitoa dhamana, sharti la kawaida ni bondi ya maandishi, wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na barua ya sheha, kiongozi wa shehia anakokaa. Barua hiyo watu wanaiona muhuri tu. Ni dhima. Nathibitisha huyu namjua, anakaa hapa, akitakiwa atapatikana. Wanakuja usiku, mwanamama analia, kesho kijana analala ndani ikiwa barua haipo. Naandika. Halafu kijana anakwenda zake Tanga na mdhamini ananijia mie, ati nimtafute!

Jengine, polisi wakitaka kupekua nyumba wanamwita sheha ashuhudie. Kuanzia hapo sheha ni shahidi wa upande wa mashtaka, na mwenye nyumba ni mtu wake wa kila siku. Kila kesi ya unga, dawa za kulevya, katika shehia yetu sheha yumo kwenye orodha ya mashahidi. Salamu zinapungua.

#22 Fundi Vespa

Ndiyo maana sheha wetu akiona gari ya polisi anazima simu.

#23 Mtoto wa Kangagani

Nimewasoma wote. Sasa Binti wa Vuga, upelelezi ukisemwa umekamilika, ndiyo kesi inaanza? Au kuna jengine tena?

#24 Binti wa Vuga

Kuna hoja za awali kwanza. Mwendesha mashtaka anayasoma maelezo ya kesi, mshtakiwa anasema hili nakubali, hili nakataa. Yaliyokubaliwa hayahitaji shahidi. Mpwa wako kwa mfano anaweza kukubali kwamba alikutwa na gunia mbili, saa fulani, njia fulani. Anachokataa ni wizi. Basi askari aliyemkamata hana haja ya kuja kusimulia njia, na kesi inabaki kwenye jambo moja: zimetoka shamba gani na kazipataje. Watu hawaitumii nafasi hii, wanakataa kila kitu hadi majina yao, halafu wanalalamika kesi ndefu.

Baada ya hapo mashahidi wa mashtaka mmoja mmoja, na kila mmoja ana haki ya kuulizwa masuali na mshtakiwa au wakili wake. Wakimaliza, hakimu anatoa uamuzi: ana kesi ya kujibu au hana. Hana, anaachiwa hapo hapo bila kufungua mdomo. Anayo, anajitetea, analeta mashahidi wake, kisha hukumu. Huyo mwenziwe aliyemuuzia mtafuteni sasa hivi, msingoje siku ya utetezi.

#25 Mtoto wa Kangagani

Aliyemuuzia anasema hamjui.

#26 Mlandege Mjini

Lo. Basi mimi nataka kujua katika maelezo ya onyo kijana kasema nini. Hapo ndipo kesi nyingi za vijana zinapoamuliwa, si mahakamani. Unakaa na mpelelezi usiku, umechoka, unaambiwa sema tu uende nyumbani, unatia saini karatasi hujaisoma. Miezi baadaye inasomwa mbele ya hakimu: "nilichuma mwenyewe". Ukikana kwamba ulisema kwa hiari yako, hakimu anasimamisha kesi kubwa, inaendeshwa kesi ndani ya kesi, kuangalia maelezo yalichukuliwaje. Ukishindwa hapo, umejifunga kwa mkono wako.

#27 Kisima cha Makunduchi

Nyongeza: kuna na ungamo mbele ya hakimu, wanalitumia zaidi kesi za kuua. Mtuhumiwa anapelekwa kwa hakimu, askari anatoka nje, hakimu anamkagua kama kapigwa, ndipo anaandika. Lina nguvu kuliko la kituoni.

#28 Mtoto wa Kangagani

Anasema alitia saini. Hakumbuki kilichoandikwa.

#29 Mama Nasra wa Chake

Mpate wakili basi, au njooni kwa wasaidizi wa sheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria namba 13 ya 2018, na wasiokuwa na uwezo wanasaidiwa. Kituo cha Huduma za Sheria kipo na Pemba. Ningekwambia mapema lakini uliuliza DPP, hukuuliza wakili.

#30 Mzee wa Mkunazini

Nyinyi mnazungumza karafuu. Mie nawakumbusha kesi ya uhaini, watu 18 wa chama cha CUF. Wamekamatwa kuanzia 1997, wamekaa ndani karibu miaka mitatu, hakuna dhamana kwa uhaini. Kila tarehe watu tunajaa mahakamani Vuga, kesi hii haianzi. Mwisho Mahakama Kuu ikawaachia.

#31 Mlandege Mjini

Babu, hapana. Mahakama Kuu haikuwaachia. Suala lilipanda Mahakama ya Rufani, na Novemba 2000 majaji wakasema uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar ndani ya Muungano si dola ya namna hiyo, kwa hivyo uhaini dhidi ya Zanzibar haupo. Mwezi ule ule mashtaka yakafutwa wakatoka.

#32 Mzee wa Mkunazini

Wametoka hawakutoka?

#33 Mlandege Mjini

Wametoka.

#34 Mzee wa Mkunazini

Basi.

#35 Kijana wa Ubungo

Hiyo sikuwahi kuisikia. Na masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, je? Wale si walikuwa kwetu?

#36 Kisima cha Makunduchi

Walikamatwa huku, 2014 wakapelekwa Dar na mashtaka ya ugaidi, kwa sababu sheria ya ugaidi ya 2002 inatumika pande zote mbili. Kesi ilitajwa na kutajwa. DPP wa bara akafuta mashtaka Juni 2021. Mashahidi hawakuwahi kusikilizwa mpaka mwisho. Sasa Mtoto wa Kangagani, dai lako la meza ya DPP lingesimama vizuri zaidi kule kuliko kwa mpwa wako.

#37 Binti wa Vuga

Tusichanganye, ile ilikuwa mahakama ya bara na sheria ya bara kwa mwenendo. Ila funzo moja linafaa kwa wote: kesi ikifutwa na DPP mshtakiwa hajaachiwa huru kwa hukumu. DPP ana uwezo wa kuiondoa kesi kabla ya hukumu, na anaweza kuirudisha kwa kosa lile lile. Aliyeonekana hana hatia baada ya kusikilizwa harudishwi. Aliyefutiwa anarudishwa.

#38 Abiria wa Usiku

Mimi nimeyaishi hayo. Sitaji wapi. Hakimu kasoma kesi imeondolewa, mama kanikumbatia, tumefika mlangoni askari wawili wananiita kwa jina, "njoo kidogo". Nimelala ndani tena siku ile ile, hati mpya, kosa lile lile, maneno yamepangwa vizuri zaidi. Mwisho ilisikilizwa nikaonekana sina kesi ya kujibu. Lakini kazi yangu ya hoteli ilikuwa imeshakwenda, na aliyenishtaki sasa tunasalimiana kama hakuna kitu.

#39 Mama Nasra wa Chake

Pole baba. Muhali huo huo, umeuona upande wa pili.

#40 Kijana wa Ubungo

Basi si bora mtu asifikishwe mahakamani kabisa mpaka upelelezi uishe? Kusiwe na kutajwa kutajwa.

#41 Kisima cha Makunduchi

Na kabla haujaisha akae wapi? Ukimuachia nje mpelelezi atasema atavuruga mashahidi. Ukimuweka kituoni umevunja zile saa 24. Mahakamani angalau jina lake limeandikwa mahali na kuna mtu wa kuuliza kwa nini.

#42 Mlandege Mjini

Mimi naunga mkono shemeji kwa makosa madogo. Gunia mbili za karafuu, kijana ana kwao, mpe dhamana ya polisi, maliza kazi yako, kisha mlete. Kesi za unga na za damu ndizo zenye kusubiri ripoti ya Mkemia Mkuu, nyengine zinasubiri nini?

#43 Msaidizi wa Sheha

Dhamana ya polisi nayo inataka barua ya sheha. Nawakumbusha tu.

#44 Fundi Vespa

Mie nina suali la kazi. Mteja wangu kagonga mtu Kwerekwe, mgonjwa kapona alhamdulillahi, kesi ipo. Vespa imekaa kituoni kama kielelezo, mvua yake, jua lake. Nimekwenda kuiona, kabureta hakuna. Kielelezo kinapunguaje?

#45 Binti wa Vuga

Kwa ajali, chombo kikishakaguliwa na ripoti ya ukaguzi ikatoka, mwenyewe anaweza kuomba mahakamani arejeshewe kwa ahadi ya kukileta kikihitajika. Wengi hawaombi, wanafikiri lazima kesi iishe. Aende na kadi, na kabla ya kusaini aandike kilichopungua.

#46 Fundi Vespa

Kadi ina jina la aliyemuuzia. Yuko Muscat.

#47 Mlandege Mjini

Fungua uzi wako.